Nywele za kidevuni kwa mwanamke: uanze na uzi, maabara au picha ya tumbo?

Mwanamke wa huku pwani anayeota ndevu huwa na njia tatu, na mara nyingi huanza na ile iliyo karibu na nyumba. Ipo saluni, kwenye uzi, wax au sukari iliyopikwa na ndimu. Ipo maabara, ambako ataomba apimwe "homoni zote". Na ipo ultrasaundi: apande kitanda, apakwe jeli tumboni, aambiwe kama ovari zake zina uvimbe. Zote tatu zina mahali pake, lakini hazilingani, na anayezianza kinyume hulipa mara mbili. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya akina mama hapa Malindi. Wanaoniletea bahasha ya majibu ya homoni kumi ni wengi kuliko wanaoniletea tarehe za hedhi zao za mwaka mzima. Ningeambiwa nichague kimoja kati ya hivyo viwili, ningechukua tarehe.

Nywele zipi ni za kupimwa

Kila mwanamke ana malaika mwilini, vile vinyweleo laini visivyo na rangi ya kuonekana. Homoni za kiume, yaani androjeni, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zikizidi, au mashina ya nywele yakiwa mepesi kuziitikia, malaika za sehemu fulani hugeuka nywele nene, nyeusi na ngumu. Madaktari huiita hali hiyo hirsutizimu. Sehemu zinazotazamwa ni 9: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumbo la juu, tumbo la chini kuelekea kinenani, mikono ya juu, mapaja, mgongo wa juu na kiunoni. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haipiti 36. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya Waingereza wawili, Ferriman na Gallwey, mwaka 1961. Wao walitazama sehemu 11, baadaye zikapunguzwa.

Ugomvi uko kwenye alama ya kuanzia. Kwa wanawake weusi na weupe wa Marekani na Uingereza hutumika 8. Kwa wa Mashariki ya Kati na nchi za Mediterania huwa 9 au 10. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ukashuka, ukasema 4 hadi 6 yaweza kutosha kutegemea asili ya mtu. Sasa mwanamke wa Lamu umweke wapi? Nyumba moja ya mtaa wa Langoni yaweza kuwa na damu ya Kibajuni, ya Hadhramaut na ya Kihindi kwa pamoja. Ndiyo maana mimi siishiki sana namba hiyo. Namuuliza mgonjwa: mama yako yukoje? Dada zako? Shangazi wa upande wa baba? Mwenye nywele sawasawa na za ukoo wake wote, zilizoanza polepole tangu kuvunja ungo, si sawa na ambaye peke yake nyumbani ana ndevu.

Nywele za mikono chini ya kiwiko na za miguu chini ya goti hazimo kwenye zile 9. Msichana mwenye nywele nyingi hapo tu hana haja ya kutoa damu. Vivyo hivyo nywele mbili tatu za kidevuni kwa mwanamke ambaye hedhi yake haijawahi kuchelewa na ngozi yake ni safi. Huyo aende kwa uzi akiwa na moyo mkunjufu.

Kuna kundi ambalo halizungumzwi vya kutosha: wanaopaka krimu za kujichubua. Nyingi kati ya krimu hizo zina steroidi kali, kama klobetasoli, hata pale boksi lisipotaja. Steroidi ikipakwa usoni kila siku kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, chunusi hutoka, na malaika hurefuka mashavuni na pembeni mwa masikio. Mwanamke hukimbilia homoni na homoni ziko sawa. Akipaka mwili mzima kwa muda mrefu, steroidi huingia damuni na kuleta dalili za kuzidi kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, au kuzizima tezi zenyewe. Huyu asiiache ghafla bila kuonana na daktari, hasa akiwa na kizunguzungu na uchovu. Ukija kliniki, njoo na kikopo chenyewe. Hatukuhukumu, tunataka kusoma kilichoandikwa.

Dawa za hospitali nazo zimo. Fenitoini ya kifafa, siklosporini na minoksidili huotesha nywele mwili mzima bila kupitia androjeni. Danazoli na homoni za kujenga misuli hupitia huko huko kwenye androjeni. Valproeti, nayo ya kifafa, huweza kuleta sura ya PCOS, ule ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi. Orodha ya dawa basi huja kabla ya sindano ya damu.

PCOS na nywele za ukoo

Hizi ndizo sababu mbili zinazochanganywa zaidi, na ndipo uchaguzi wa kipimo unapoamuliwa. Katika kila wanawake 10 wenye hirsutizimu, 7 au 8 wana PCOS. Nyingine huwa ni hirsutizimu isiyo na sababu ya kuonekana, ambayo mara nyingi hutembea kwenye ukoo: hedhi ni ya kila mwezi, testosteroni, ile androjeni kuu, ya kawaida, ovari za kawaida, lakini shina la nywele lenyewe ni jepesi kuitikia homoni ndogo iliyopo.

Tazama hedhi kwanza. Mwenye PCOS kwa kawaida hukaa zaidi ya siku 35 kati ya hedhi na hedhi, au huona chini ya mara 8 kwa mwaka. Mwenye nywele za ukoo huona kila mwezi. Hapo kuna mtego mdogo: kuona kila mwezi hakuthibitishi kwamba yai linapevuka. Kwa mwenye nywele nyingi anayesema hedhi yake ni sawa, daktari anaweza kupima projesteroni katika wiki ya tatu ya mzunguko, kama siku ya 21. Ikiwa chini, yai halikutoka.

Kisha ngozi. Katika PCOS insulini mara nyingi huwa juu. Insulini hiyo huchochea ovari kutoa testosteroni zaidi, na wakati huo huo hulifanya ini lipunguze protini inayoishika testosteroni damuni, kwa hiyo ile iliyo huru kufanya kazi huongezeka. Alama yake huonekana shingoni, kwapani na chini ya matiti: weusi mnene wenye ulaini wa mahameli, ambao mama wengi huudhania ni uchafu na kuusugua kwa dodoki hadi ngozi ichubuke. Hautoki kwa kusugua. Chunusi za taya zisizokwisha baada ya ujana, nywele za utosini kupungua na kitambi cha tumboni huongeza shaka. Lakini wapo wembamba wenye PCOS, na hao ndio huambiwa mara nyingi "huna kitu".

Huku kwetu anayeona mwanzo huwa somo, yaani kungwi. Wiki ya harusi bibi arusi husingwa, hutolewa nywele, hupakwa hina, na somo aliyekwisha kuwaandaa wasichana wengi hujua kilicho cha kawaida kuliko anavyojua mama mzazi.

"Hizi za kifuani si malaika tena, mwanangu. Fungate likiisha, nenda ukaonwe."

"Nitamwambia nini daktari, somo? Naona haya."

"Mwambie siku zako huja lini. Mengine atayauliza mwenyewe."

Sina la kuongeza hapo, isipokuwa asingoje fungate liishe ikiwa hajaona hedhi kwa miezi 3. Anayekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, tena na tena, utando wa ndani ya tumbo lake la uzazi hunenepa bila kumwagika, na hilo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya hapo. Nywele ni jambo la uso. Hili ni jambo la ndani, nalo hutibika kwa vidonge vya kuleta hedhi.

Anayejificha nyuma ya PCOS

Kuna hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali ambayo kwa macho haitofautiani na PCOS: nywele, chunusi, hedhi za kuruka, hata ultrasaundi inayofanana. Kimeng'enya kimoja hakifanyi kazi vizuri, malighafi ya kotisoli hurundikana na kugeuzwa androjeni. Aina hii nyepesi hujitokeza ukubwani au karibu na kuvunja ungo. Ni chache, kama 4 hivi katika kila wanawake 100 wenye hirsutizimu, lakini kwetu ina uzito wake. Mtu huugua akiupata urithi huo kwa baba na kwa mama, na ndoa za mtoto wa ami, ambazo bado ni nyingi katika baadhi ya koo za Lamu na Malindi, huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kuubeba. Ukisikia binamu aliyevunja ungo mapema mno, au mtoto katika ukoo aliyezaliwa na viungo vya siri vyenye utata, mwambie daktari.

Kipimo chake ni 17-hidroksiprojesteroni. Hutolewa asubuhi mapema, katika siku za mwanzo za mzunguko, kabla yai halijapevuka. Ikitolewa nusu ya pili ya mwezi, ovari yenyewe huitoa kwa wingi na jibu hupanda bila ugonjwa. Chini ya 200 kwa nanogramu katika desilita, yaani karibu 6 kwa nanomoli katika lita, huyu kwa kawaida hana. Ikizidi hapo hufuata kipimo cha kuchochea tezi kwa sindano, na jibu likipita 1,000 ugonjwa umethibitika. Kuna anayeuliza faida ya kujua, ilhali dawa ya nywele ni karibu ile ile. Faida iko kwenye watoto: mwenye hali hii akitaka kuzaa, mume naye hupimwa, kwa sababu mtoto anaweza kupata aina kali.

Wasiongoja zamu

PCOS huja kwa miaka. Uvimbe wa ovari au wa adrenali unaotoa androjeni huja kwa miezi. Uvimbe huo ni nadra sana, pengine 2 katika wanawake 1,000 wenye hirsutizimu, na hujitambulisha kwa mwendo wake: jana hakuna, miezi 6 baadaye ndevu, sauti imekuwa nzito, misuli imejaa, paji la uso linarudi nyuma kama la mwanamume, kinembe kimekua. Hapa ndipo testosteroni na DHEAS, androjeni ya tezi za adrenali, hupimwa kwa haraka. Testosteroni iliyopita 150 hadi 200 kwa nanogramu, au DHEAS iliyopita 700 kwa mikrogramu, zote katika desilita, humfanya daktari atafute uvimbe kwa picha. Bibi aliyekwisha kukatika hedhi akaanza kuota ndevu nyingi naye ni wa kundi hili, ingawa nywele chache za kidevuni kwa mwanamke mzima ni za kawaida na ovari iliyonenepa bila uvimbe pia huweza kuzileta.

Kotisoli kuzidi huja na sura yake: uso wa mviringo uliowiva, michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi inayovilia damu kwa kugongwa kidogo, kushindwa kuinuka kitini bila kushika kitu, presha na sukari kupanda pamoja. Bila dalili hizo usipimwe kotisoli. Ukipimwa ovyo asubuhi moja jibu halisaidii. Kipimo cha maana ni kumeza deksamethasoni miligramu 1 usiku wa saa tano na kutoa damu saa mbili asubuhi, au mkojo wa saa 24.

Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja

Hapa nitasema wazi ninavyopanga, na daktari wako ana haki ya kupanga vingine.

Cha mwanzo hakina bei: karatasi yenye tarehe za hedhi, mwezi nywele zilipoanza, dawa na krimu zote, uzito ulioongezeka, na picha za simu ulizopiga kabla ya kutoa nywele. Hilo la picha nalisisitiza. Wanawake wengi huja wametoka saluni, kidevu laini, halafu hushangaa daktari akiandika kwamba hakuona kitu. Angalia kisha kama una mimba. Mwenye hedhi za kuruka anaweza kuwa nayo bila kujua, na mimba hubadilisha majibu yote.

Kati ya vya damu, ninayoipa nafasi ya mbele ni testosteroni jumla, asubuhi. Ikija ya kawaida na nywele ni nyingi kweli, hurudiwa pamoja na ile iliyo huru, inayokokotolewa kwa kupima protini inayoibeba. Mashine nyingi za maabara zimetengenezwa kwa viwango vya wanaume, na kwa viwango vidogo vya mwanamke hubahatisha. Njia ya masi spektrometri ni sahihi zaidi pale inapopatikana. Jambo jingine ni vipimo vyenyewe. Mgonjwa mmoja hunionyesha 60, mwenzake 2.1, wa kwanza analia na wa pili anacheka, kumbe ni kiasi kile kile: 60 kwa nanogramu katika desilita ni 2.1 kwa nanomoli katika lita. Soma kizio kilicho pembeni ya namba, kisha soma kiwango cha kawaida cha maabara hiyo hiyo.

Vinavyoharibu jibu ni viwili. Vidonge vya kupanga uzazi hushusha testosteroni, kwa hiyo kama unavitumia, jibu la kawaida halina maana. Huachwa angalau miezi 3 kabla ya kupima, huku ukijikinga kwa kondomu au koili ya shaba. Sindano ya miezi 3 nayo huweza kukata hedhi kabisa, na hapo tarehe zako hazisemi kitu. Cha pili ni biotini, ile vitamini ya "nywele na kucha" inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Huvuruga baadhi ya mashine na kuonyesha testosteroni iko juu ilhali haiko. Iache siku 3 kabla.

Hedhi ikiwa inaruka, ongeza homoni ya thairoidi na prolaktini, homoni ya maziwa. Hazileti ndevu moja kwa moja, lakini hukata hedhi na huwa na tiba yake mbali.

Ultrasaundi je? Wengi huiona ndiyo kipimo kikubwa kwa sababu inaonekana kwenye kioo. Kwa PCOS hutakiwa dalili 2 kati ya 3: hedhi zisizo na mpangilio, androjeni kuzidi kwa dalili au kwa damu, na ovari zenye vijifuko vingi. Mwanamke mwenye nywele nyingi na hedhi za kuruka tayari ana mbili. Baada ya kuondoa sababu nyingine, ultrasaundi haimuongezei jina. Inamsaidia yule mwenye moja tu, na yule anayeshukiwa uvimbe. Msichana ambaye hajamaliza miaka 8 tangu avunje ungo asipimwe kwa kutafuta PCOS, kwa sababu ovari za umri huo huwa na vijifuko vingi kwa kawaida. Na kwa asiyeolewa, ambaye hupigwa juu ya tumbo, vijifuko havihesabiki vizuri. Hutazamwa ukubwa wa ovari, mililita 10 kwenda juu. Wengine hutoka pale wakitetemeka kwa sababu karatasi imeandikwa vifuko. Vile ni vijiyai vilivyosimama kabla ya kupevuka. Havikatwi.

Kipimo ninachokiona kinasahauliwa ni cha sukari. Msichana ambaye tarehe zake na shingo yake zimekwisha kusema PCOS, ningekuwa na pesa ya kimoja tu, ningempima sukari kwa kinywaji cha glukosi gramu 75, kabla ya kumpima homoni za LH na FSH ambazo utambuzi wa PCOS haukuzihitaji. Kila mtu kwenye kifurushi cha "homoni zote" hulipia hizo mbili, pamoja na estrojeni, na hakuna inayomwambia kwa nini ana ndevu.

Lamu, Malindi au Mombasa

Kwa swali la kwanza usisafiri. Mtu wa kukuuliza tarehe, kukupima presha, mimba na sukari anapatikana hospitali ya King Fahd mjini Lamu sawa na hospitali ya hapa Malindi. Aliyeko Faza au Kiunga boti tu hadi Lamu ni gharama, kwa hiyo abebe ile karatasi na kila kikopo safari moja.

Homoni zisizopimwa kila siku, kama 17-hidroksiprojesteroni, mara nyingi hutolewa hapa na kusafirishwa kwenda maabara kubwa. Piga simu kabla, uulize mambo mawili: sampuli huondoka siku gani, na damu hutolewa saa ngapi. Kuvuka hadi Mokowe, kupanda basi la Witu na Garsen, ufike Malindi saa nane mchana utolewe damu inayotakiwa asubuhi ni kutupa nauli. Lala kwa jamaa, uende alfajiri. Kama siku zako za hedhi hazitabiriki, usingoje mwezi wa tatu eti upate siku ya 5 ya mzunguko. Daktari atakubali siku yoyote kwa asiyeona, au atakuletea hedhi kwa vidonge kwanza.

Mombasa, hospitali ya Coast General au kwa daktari wa homoni, ni kwa wale wa mwendo wa haraka, wenye dalili za kotisoli, wenye namba zilizoruka, na wanaotafuta mtoto bila mafanikio. Kwa hao hata sisubiri majibu ya pili. Uliza pia mapema bima yako ya SHA inagusa nini na nini unatoa mfukoni.

Kuondoa nywele na kuzizuia

Kupima hakuzuii kutoa nywele. Vyote viwili huenda pamoja, na sioni sababu ya mwanamke kukaa na ndevu miezi 6 akingoja dawa. Kwa wanaouliza dini, Imam an-Nawawi, ambaye Mashafii wa pwani humsoma sana, aliona kuondoa ndevu na masharubu kwa mwanamke ni jambo linalopendeza. Makatazo ya kunyofoa yeye aliyaweka kwenye nyusi na pembeni mwa uso.

Wembe unaonewa. Hauongezi nywele wala kuzinenepesha. Hukata ncha nyembamba ikabaki butu, ndiyo maana zikirudi hukwaruza. Uzi na sukari hung'oa shina, kwa hiyo ulaini hukaa zaidi, lakini kwa nywele za kujikunja hupenda kuota ndani ya ngozi, zikaacha vipele na madoa meusi. Hapo ndipo mwanamke hununua krimu ya kuondoa madoa, yenye steroidi, na malaika huongezeka mashavuni. Mwenye vipele vingi kidevuni ni bora akate kwa mkasi mdogo au mashine kuliko kung'oa.

Leza hufaa nywele nyeusi, si mvi. Kwa ngozi nyeusi uliza kama mashine ni ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa sababu nyingine huunguza. Baadhi ya wanawake, hasa wenye PCOS na asili ya Mashariki ya Kati au Mediterania, huota nywele zaidi usoni baada ya leza, na anayeanza leza homoni zikiwa juu bado hurudi kwa nywele mpya.

Kwa ndani, vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni ndivyo huanza: hutuliza ovari, huongeza protini ya kushika testosteroni, na huleta hedhi. Havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, anayevuta sigara akiwa amepita miaka 35, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni. Spironolaktoni, miligramu 100 hadi 200 kwa siku, huongezwa baada ya miezi 6 ikiwa vidonge hivyo havitoshi, nayo haipewi bila uzazi wa mpango wa uhakika kwa sababu huweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Metformini husaidia sukari na hedhi. Kwa ndevu nguvu yake ni ndogo, na wengi hukata tamaa kwa kuitarajia kazi isiyo yake. Dawa yoyote kati ya hizi ipe miezi 6 kabla ya kuihukumu.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huja kila mwaka. Kutoa damu hakufunguzi kwa Mashafii, na asubuhi ya funga ni saa nzuri kwa testosteroni na 17-hidroksiprojesteroni. Kipimo cha sukari cha kunywa glukosi kingoje hadi baada ya Idi. Ultrasaundi ya juu ya tumbo haina neno. Ile ya kuingiza ukeni hufunguza kwa madhehebu yetu, kwa hiyo aliyeolewa aipange usiku au siku ambazo hafungi. Vidonge vya kila siku huhamia futari au daku bila shida.

Linaloniharibia hesabu ni vidonge vya norethisteroni ambavyo wengi humeza ili wasiingie mwezini katikati ya funga, au wakiwa Hija. Sisemi visimezwe. Ila aliyevimeza Ramadhani nzima asije Shawwal akasema hedhi imechelewa, apimwe homoni: tarehe zake za miezi hiyo hazihesabiki, na damu yake ingoje mzunguko wake mwenyewe urudi.